Kuhuisha Main Street ya Jinja: mabaraza kwanza, rangi baadaye

Ndugu, umeeleza kwamba wafanyabiashara wenzako wa Main Street, Jinja, Uganda, wamegawanyika: wengine wanataka maduka ya zamani yapakwe rangi upya, wengine wanataka yabomolewe yapande maghorofa. Nimekarabati majengo ya aina hiyo hapa mjini kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu pande zote mbili zimeruka hatua ya kwanza.

Kabla ya kuamua jengo lipi libaki, tembeeni barabara nzima mkiandika yanayojirudia. Mtakuta baraza lenye nguzo mbele ya duka, likiungana na la jirani hata mteja akatembea bila kuchomwa na jua wala kulowa mvua. Mtakuta viwanja vyembamba virefu, duka mbele na makazi nyuma au juu. Na mtakuta ukuta wa mbele uliopandishwa kuficha paa la mabati, mara nyingi ukiwa na jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi. Hayo ndiyo yawe masharti ya jengo jipya pia. Anayetaka ghorofa ajenge upande wa nyuma, mradi baraza lake liwe usawa mmoja na la jirani, kwa sababu mmoja akiinua sakafu yake au akiziba baraza kwa vioo, wapita njia wote hushukia barabarani kwenye bodaboda, na wenye maduka yanayofuata hupoteza wateja.

Kuhusu rangi, gongeni kuta kwanza. Nyingi zilijengwa kwa matofali laini na chokaa, zikapigwa plasta ya saruji baadaye. Saruji huzuia unyevu unaopanda kutoka ardhini usitoke. Rangi huvimba, plasta huachana na ukuta, na ikianguka huondoka na uso wa tofali. Pale mtakaposikia mlio wa uwazi, ibandueni, acheni ukuta ukauke, kisha pigeni plasta ya chokaa. Ni kazi ya polepole na mafundi wanaoijua ni wachache, lakini rangi juu ya plasta iliyokufa ni fedha iliyotupwa.

Jambo gumu kuliko yote ni umiliki. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, majengo yao yaliwekwa chini ya bodi ya serikali, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuyarudisha. Baadhi ya wenye mali wako ng'ambo hadi leo, na mpangaji asiye na mkataba wa muda mrefu hatakarabati nyumba ambayo huenda akaondolewa mwakani. Kwa hiyo ombeni mikataba mirefu inayomruhusu mpangaji kukata gharama za ukarabati kwenye kodi. Bila hilo, sioni nani atalipia chokaa.

Msitegemee sheria ya makumbusho na kumbukumbu ya mwaka 2023 peke yake, maana kulinda jengo mojamoja hakulindi barabara. Zanzibar iliunda mamlaka ya Mji Mkongwe, yaani sehemu ya kale ya mji wake, mwaka 1985, ikisimamia eneo hilo lote. Sisi tunayo Sheria ya Mipango Miji na Ardhi ya mwaka 2010 na kamati yake ya mipango hapa jijini. Pelekeni kwao michoro ya mabaraza mliyopima, mkiomba iwe masharti ya eneo kabla maombi mengine ya ujenzi hayajapitishwa.