Picha za klabu na pati Mbeya: anayelipa ni nani?

Yule dada anayekukimbilia mlangoni na kusema "kaka, hebu nipige moja" hatakulipa. Mpige tu, picha yake itapendeza kwenye ukurasa wa klabu, ila usimweke kwenye hesabu yako. Kwa miaka niliyozunguka Mwanjelwa, Kabwe, Soweto na Forest na kamera shingoni, hela ya usiku nimeiona ikitoka kwa watu wa aina mbili. Kuna mwenye ukumbi anayetaka Ijumaa ijayo pajae, na kuna meza iliyokaa, ikaagiza, na ina kitu inachosherehekea. Waliobaki ni wa kujaza picha.

Naanza na meza, maana huko ndiko vijana wengi wanakokata tamaa.

Utasikia watu wakisema biashara hii ilikufa zamani kwa sababu kila mtu ana simu. Haijakufa. Simu nyingi bado zinahangaika na giza la ukumbini, tena mwenye simu lazima akae nje ya picha ili apige. Watu wanane wamezunguka meza, taa ya zambarau inapita juu yao, na wakiangalia walichopiga wanajiona wamepauka kama waliopakwa majivu. Hapo ndipo unapoingia wewe. Lakini usiingie kwa kuuza picha za kutumiwa WhatsApp. "Nitumie, kesho nakurushia" ni maneno ambayo kila mpiga picha wa usiku ameyasikia, na hiyo kesho haijawahi kufika. Mtu akishatoka nje akapigwa na baridi ya Mbeya, hamu yote imekwisha. Uza karatasi. Picha iliyosafishwa, ya kushika mkononi, kabla bili haijaletwa.

Mimi natembea na printa ndogo ya Canon Selphy. Karatasi zake zinauzwa kwa boksi la 108 pamoja na wino wake, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: karatasi ikiisha na wino umeisha. Picha ya 4x6 inatoka kwa sekunde arobaini na kitu, na kuna betri yake unayonunua pembeni, ambayo usiku umeme ukikatika utaishukuru. Kwangu karatasi moja na wino wake vinanigharimu karibu buku. Nauza picha 3,000, mbili 5,000. Wenye mtaji wananunua printa kubwa ya DNP, ambayo roli moja inatoa picha 700 na kila picha haizidi robo dakika, lakini ni nzito na inataka umeme wa uhakika. Hiyo ni mashine ya send-off, siyo ya kubeba kwenye bodaboda.

Sasa jinsi ya kuuza. Usiende mezani ukauliza "mnataka picha?" Jibu la swali hilo ni hapana, hata kwa mtu anayetaka. Omba tu ruhusa ya kupiga, piga, ondoka. Safisha picha moja, rudi nayo, iweke mezani karibu na chupa, mbele ya yule wanayemsherehekea, kisha nenda zako meza nyingine bila kutaja bei. Picha itaanza kuzunguka. Huyu ataiangalia na kucheka, yule atasema "mbona mimi nimefumba macho", mwingine ataiweka kwenye pochi kimyakimya. Ukirudi baada ya nyimbo mbili tatu, wao ndio watakaouliza: "Kaka, hizi shilingi ngapi?" Kuna mara picha ile ya kwanza inapotea bure. Naiweka kwenye gharama, ndiyo tangazo langu.

Anayelipa si lazima awe anayepiga kelele. Mwangalie mhudumu anapoinama kuchukua oda, anamwinamia nani. Huyo ndiye bosi wa meza hata kama amekaa kimya na koti lake. Ukimpata na akaipenda, atasema neno moja tu, "toa nane, kila mtu na yake", na usiku wako umeshalipa. Kwa hiyo wahudumu ni watu wako wa kwanza ukumbini. Wao wanajua meza gani ni ya besidei, meza gani wamepandishwa cheo, na meza gani wanalumbana kuhusu bili. Mwisho wa kazi mpe mhudumu chake, na asikukumbushe.

Kuna meza za kuziacha. Baba mtu mzima amekaa kona na binti ambaye ni wazi si mwanawe. Wewe anza na heshima: "Shikamoo mzee, naomba niwapige picha?" Akimtazama kwanza yule binti kabla ya kukujibu, sema asante, wageuzie mgongo, na kamera iangalie chini. Usipige hata picha ya ukumbi mzima ambayo wao wanaonekana nyuma. Mbeya ni jiji, lakini kwa mambo haya ni kijiji: picha ikiwekwa Jumamosi mchana, jioni imeshafika Tukuyu kwa mashemeji. Na siyo suala la busara peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake binafsi. Mimi kila nikipiga nauliza: "Hii naweza kuiweka mtandaoni?" Wakisema hapana, naonyesha kiganja mbele ya lenzi na kupiga fremu moja. Asubuhi nikikagua, nikikutana na kiganja najua picha za meza iliyotangulia hazitoki nje ya kompyuta. Mtu akisema nifute, nafuta mbele ya macho yake. Mzee mmoja niliyemfutia hivyo aliniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na miezi baadaye alinipigia simu nikapige kipaimara cha mjukuu wake. Kazi kama hizo za mchana ndizo zilizolipia lenzi zangu, wala si klabu.

Muda wa kuuza ni saa tatu hadi saa sita usiku. Mashati hayajalowa jasho, vipodozi viko mahali pake, na watu bado wanahesabu hela vizuri. Kuanzia saa saba utauza picha ambayo mteja atakataa kuwa aliiagiza. Chomeka lipa namba yako kwenye kava ya printa, kwa maandishi makubwa, maana wengi hawana chenji, na subiri ujumbe wa muamala kwenye simu yako mwenyewe. Ujumbe wa kuonyeshwa kwenye simu ya mlevi usiuamini.

Mwenye ukumbi ni habari nyingine kabisa. Yeye hanunui picha, ananunua Ijumaa ijayo. Vijana wanamkabidhi picha 400 na kudhani wamefanya kazi kubwa, kumbe wamemwongezea kazi. Mpe 30 au 40, zimfikie kabla ya Jumamosi mchana, nyingine chache umemwekea akiba za kutoa Jumatano na Alhamisi watu wanapopanga pa kwenda. Anachotaka kuona ni sakafu iliyojaa, wanawake wanaocheka wakiwa na raha yao, jina la ukumbi wake linasomeka nyuma, vinywaji vyenye bei juu ya meza. Hataki viti vitupu wala mtu aliyelala juu ya spika. Panda juu ya kitu, tumia lenzi pana, subiri wimbo ambao wote wananyanyua mikono. Watu sitini wakipigwa vizuri kutoka juu wanaonekana umati.

Kwa kazi hiyo nachukua kati ya 50,000 na 80,000 kwa usiku kulingana na ukubwa wa ukumbi, pamoja na ruhusa ya kuuza karatasi zangu mezani. Hiyo ruhusa isemwe waziwazi tangu mwanzo, mbele ya meneja na mabaunsa. Nalipwa nikifika au katikati ya usiku. Ukikubali "tutamalizana tukifunga" utajikuta saa kumi alfajiri umesimama kaunta na meneja anakuambia bosi ameondoka na funguo. Na bia za ofa zikija, peleka kaunta wakuwekee soda. Mpiga picha aliyelewa anauza bei ya mlevi.

Kuna pia kazi za promosheni. TBL wana kiwanda cha bia hapa hapa Mbeya, na kampuni za vinywaji huwa zinaleta matangazo kwenye baa kupitia mawakala. Wakala anahitaji picha za kupeleka ofisini kuthibitisha kwamba kazi ilifanyika: bango, wasichana wa promosheni, wateja na chupa yenye nembo inayosomeka. Hakuna sanaa hapo, ila wanalipa kuliko klabu. Ubaya ni kusubiri. Nimewahi kumdai wakala mmoja hadi nikasahau sura yake. Chukua nusu kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp.

Kuhusu vifaa sitakaa sana, maana kila mtu anakimbilia huko. Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi iliyotumika itakufaa, lenzi ya 35mm au 50mm yenye f/1.8, yaani inayofunguka sana kupokea mwanga, na flashi ya kuchomeka juu. Betri za flashi zile ndogo za kuchaji, seti mbili. Flashi kuigeuzia dari ni mbinu nzuri nyumbani kwa mtu, lakini dari nyingi za klabu zimepakwa rangi nyeusi au ni bati la juu sana, mwanga hauturudii. Ielekeze usoni kwa nguvu ndogo, na uweke kitambaa cheupe chembamba mbele. Weka f/4, ISO 1600 (uwezo wa kamera kuona gizani), shata 1/15 au 1/30 ya sekunde. Flashi itamgandisha mtu, shata ya polepole itakusanya zile rangi za taa nyuma yake. Ukiweka 1/200 utapata sura nzuri na ukuta mweusi, mtu atadhani mlikuwa stoo. Leza za DJ ziogope kweli: mwale ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuchoma kile kidude cha ndani kinachopokea picha, na hapo umepoteza kamera.

Na hili la kwetu nyanda za juu, watu wa Dar hawatakuambia. Juni na Julai unatoka nje kwenye baridi kali, unaingia ukumbi wenye joto la watu mia mbili, lenzi inajaa ukungu papo hapo. Usiifute na shati. Ingia mapema, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika kama ishirini, ipate joto taratibu. Wakati huo ndio wa kusalimiana na wahudumu.

Msimu nao una mambo yake. Kwaresma harusi za kanisani zinasimama, na wapiga picha wote wa mchana wanahamia kumbi za usiku, kwa hiyo bei inashuka. Funga mkataba wako na klabu kabla ya Jumatano ya Majivu. Mchele wa Kyela na Mbarali ukishavunwa, na kahawa ya Mbozi ikianza kuuzwa, utaona meza zikinenepa. Wiki ya Nane Nane, wageni wa viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale wanatafuta pa kutulia jioni, na mgeni ananunua picha kuliko mwenyeji. Iringa kwa wanafunzi wa vyuo vya Mkwawa na Ruaha hali ni tofauti: karatasi ya 3,000 ni ghali kwao, ila picha ya kwenye simu kwa buku, ikilipwa papo hapo, wananunua kwa makundi. Tunduma, mpakani, kuna hela nyingi usiku, lakini madereva wa malori hawapendi kupigwa picha, na sababu tunazijua.

Kurudi nyumbani: bodaboda mmoja unayemjua, siyo yeyote aliyepo mlangoni. Begi liwe la shule lililochakaa. Kadi iliyojaa itoke kwenye kamera iingie kwenye soksi, kwa sababu kibaka akichukua kamera bado utakuwa na kazi ya kumkabidhi bosi.

Kama hujaanza, usiende ukumbini Ijumaa usiku kuomba kazi, meneja hatakusikia kwa muziki. Nenda Jumanne saa tisa mchana, wakati wanapiga deki na kuhesabu kreti. Beba picha kumi za karatasi, hata kama umezipiga kwenye besidei ya rafiki, zipange kaunta. Mwambie: "Mkuu, Ijumaa hii nafanya bure mpaka saa sita, Jumamosi mchana nakuletea picha thelathini. Ukizipenda tuongee bei ya Ijumaa inayofuata." Halafu Jumamosi mchana uwe pale kweli, na hizo thelathini.