Namba ya mteja si mali ya duka: ushauri kwa wanaouza mtandaoni

Kila ukikaribia msimu wa Idi au Krismasi, wenye maduka hunipigia simu kuniuliza namba za simu zinauzwa wapi. Mmoja anataka elfu tano za Mombasa mjini, mwingine anataka za akina mama wa Nyali peke yao. Wauzaji wapo, sitaki kudanganya. Wanazo kwenye faili za Excel na bei ni maelewano. Jibu langu halibadiliki: usinunue. Kwanza namba hizo haziuzi kitu, maana watu wenyewe hawakujui. Pili, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na orodha ya namna hiyo inakutia matatani hata kabla hujatuma meseji ya kwanza.

Kazi yangu ni kuendeshea watu matangazo ya mtandaoni huku Pwani: maduka ya leso na nguo, mikahawa, nyumba za wageni. Sheria ilipoanza, wateja wangu wengi walisema hayo ni mambo ya benki na kampuni za simu. Kisha faini zikaanza kushuka, na zikashukia watu wa aina yetu. Oppo Kenya, wauza simu, walitozwa shilingi 5,000,000 kwa habari ya picha ya mtu iliyowekwa Instagram bila idhini yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikatangaza tatu kwa mpigo: kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000, shule moja ya Uthiru, Roma School, shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu ya Nairobi, Casa Vera Lounge, shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake iliyowekwa mitandaoni bila kumuuliza.

Hiyo ya klabu ndiyo ninayomsimulia kila mwenye mkahawa. Mtu alikwenda kustarehe, akapigwa picha, picha ikawa tangazo. Sasa niambie ni mkahawa gani hapa mjini usiofanya hivyo kila Ijumaa usiku! Na ukiuliza utaambiwa, "Lakini alikuwa anatabasamu." Kutabasamu mbele ya kamera si kukubali kutumiwa kuuza pilau ya mtu. Wengine hubandika kibao mlangoni kwamba ukiingia umekubali kupigwa picha. Mimi sikitegemei hicho kibao. Sheria inataka mtu aamue kwa hiari, akijua picha inakwenda wapi, na kibao cha mlangoni hakimwachii la kuamua ila kurudi nyumbani na njaa yake.

Ninachowashauri ni rahisi. Piga picha chakula, mikono, meza, bahari. Ukitaka sura, tafuta watu wako wachache uliokubaliana nao kwa maandishi, hata kama malipo yao ni chakula cha jioni. Ukimpiga picha mteja wa kawaida, mwonyeshe pale pale, mwambie inakwenda Instagram ya mkahawa, akikubali akuandikie kwenye WhatsApp ya mkahawa "nimekubali". Akirudi baada ya mwezi kusema itolewe, itoe bila kubishana. Idhini huondolewa wakati wowote, na yeye hana deni la kukueleza kwa nini. Watoto usiwapige picha bila ruhusa ya mzazi.

Tuje kwenye namba, maana hapo ndipo biashara ndogo huteleza zaidi. Mteja akilipa kwa M-Pesa, muuzaji huona amepata namba. Amepata malipo. Mteja alikupa namba ile, kama aliitoa, ili leso zake zimfikie, na kuigeuza ya matangazo ni shughuli nyingine inayohitaji ruhusa nyingine. Safaricom wenyewe walikuja kuanza kuficha tarakimu za katikati kwa wafanyabiashara wa Lipa na M-Pesa, na nakumbuka manung'uniko yaliyozuka. Mimi niliona afadhali, kwa sababu sasa inakubidi umwombe mteja namba kwa mdomo, na hapo hapo unapata nafasi ya kumwambia unaitakia nini.

Ukimwomba, mwombe waziwazi. Kwa duka moja la leso tulikubaliana muuzaji aseme tu, "Dada, zikiingia mpya nikutumie picha?" Akisema ndiyo, anatumiwa meseji: "Hapa ni dukani kwetu. Umekubali tukutumie picha za leso mpya. Ukichoka, jibu ACHA, hatutakutumia tena." Basi. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinadai mambo hayo hayo: mtu ajue kwamba utamtangazia, akubali, na awe na njia nyepesi ya kujitoa isiyomgharimu. Na usimwekee sharti kwamba hauziwi mpaka akubali matangazo, kwani idhini ya kushurutishwa haitakusaidia ukishtakiwa.

Orodha ya duka lile ilipungua sana tulipobakisha waliosema ndiyo tu. Mwenye duka alinuna. Lakini waliobaki ndio wanaojibu, "Niwekee ile ya zambarau, nakuja kesho," na gharama ya SMS za jumla ikashuka kwa sababu hatuwatumii tena watu wa Kisumu ambao hata kivuko cha Likoni hawajakiona.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na idhini nayo inataka daftari. Ukilalamikiwa, sheria inakutaka wewe mfanyabiashara uthibitishe kwamba mteja alikubali. Yeye hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakukubali. Kwa hiyo weka karatasi ya Google au hata kitabu cha kawaida: jina, namba, siku aliyokubali, alikubali nini, kwa njia gani, na siku aliyojitoa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Mtu anajibu ACHA, muuzaji wa asubuhi anaiona, muuzaji wa jioni hana habari, Jumamosi meseji inaenda tena. Malalamiko mengi ninayoyasikia huanzia hapo, kwa mtu aliyekwisha kusema hapana akapuuzwa.

Mteja pia anaweza kukuuliza una habari zake gani, na una siku 7 za kumpa. Akitaka ufute, una siku 14. Usimjibu kwa ukali. Akiuliza "namba yangu mmeitoa wapi?" mwambie ukweli, kwa sababu akienda kwa Kamishna swali litakuwa ni hilo hilo, na safari hii litaulizwa kwa barua rasmi. Ofisi ile ina siku 90 za kumaliza uchunguzi wake na inaweza kuamuru umlipe fidia. Faini yenyewe haizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yako ya mwaka uliotangulia, ikichukuliwa iliyo ndogo. Watu husikia "iliyo ndogo" wakapumua. Ila fidia ni hesabu nyingine, na wateja waliosoma habari zako kwenye mtandao wa X ni hesabu ya tatu.

Kuhusu kupakia orodha ya wateja Facebook ili matangazo yawafuate: usipakie namba za watu ambao hukuwaambia kwamba utafanya hivyo. Kabla ya kupakia, Meta, wenye Facebook, hukutaka ukubali masharti kwamba una haki ya kuzitumia. Watu hubonyeza bila kusoma, na kwa kubonyeza wamejifunga. Mimi siku hizi napendelea kulenga kwa eneo na mambo watu wanayoyapenda, halafu tangazo limlete mtu mwenyewe kwenye WhatsApp. Akianza yeye kuandika, mazungumzo yana mwanzo ulio safi.

Usajili kwenye ofisi ya Kamishna sitauongelea sana. Ukiwa na mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, huenda husajiliki kwa lazima. Lakini shule, zahanati, wauza viwanja, wasafirishaji, wakopeshaji, hoteli na nyumba za wageni husajiliwa hata wakiwa wadogo, na sisi ambao kazi yetu hasa ni kutangazia watu moja kwa moja pia tumo. Waongoza watalii wameachwa nje, bahati yao. Ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000 na cheti hudumu miezi 24. Lipa, endelea na kazi. Na kutosajiliwa hakukuondolei wajibu mwingine wowote niliousema hapo juu.

Wenye nyumba za wageni Diani na Watamu huniuliza kuhusu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data (GDPR), ile iliyoanza kutumika Mei 2018. Mjerumani kuja kulala kwako hakukuingizi humo. Lakini ukiwa na tovuti ya Kijerumani, bei kwa yuro, na matangazo unayowalipia watu wa Munich wayaone, unawauzia walioko kwao, na hapo sheria yao inakuhusu. Kwa hiyo vidakuzi (cookies), yaani vifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye simu au kompyuta ya mtu ili kumfuatilia, visianze kufanya kazi kabla mtu hajavikubali. Mwambie fundi wa tovuti, atajua. Ukiuza hadi Tanga na Dar, Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake.

Jambo moja bado, na kwangu ndilo kubwa ingawa halina uhusiano na tovuti. Maduka mengi wateja wao wote wamo kwenye simu ya msichana wa kaunta. Simu ni yake, laini ni yake. Siku akihamia duka la jirani, wateja wanahama naye, na anwani za nyumbani walizotuma ili wapelekewe mzigo nazo zimehama. Nunua laini ya biashara, isajili kwa jina la biashara, simu ilale dukani. Weka namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp, na mtu akiacha kazi ibadilishe siku hiyo hiyo, kisha angalia ni kompyuta gani zimeunganishwa na uziondoe. Simu ikiibwa ikiwa na habari za wateja zinazoweza kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna, na wateja wenyewe nao waambie mapema. Usisubiri kwanza kuona kama mwizi atairudisha.