Uliza Mwalimu wa Kiingereza: Neno lilelile, mara nomino mara kitenzi

Shikamoo mwalimu. Binti yangu kaanza fomu wani mwaka huu hapa Igoma, juzi kaja na homuweki wametakiwa waseme kila neno ni aina gani. Sentensi ya kwanza ilikuwa "The fish is big", kaandika fish ni nomino akapata. Ya pili "They fish at night", kaandika tena nomino akawekewa kosa. Neno si ndo lilelile? Kwenye daftari lake kuna orodha ndefu ya nomino na fish imo kabisa. Mtoto analia anasema Kiingereza hakieleweki na mimi niliishia la saba. Nimsaidieje? – Mama Igoma

Marahaba mama. Kwanza mwambie binti asilie, akili yake iko sawa tu, kinachomsumbua ni ile orodha. Hizi orodha za kukariri, nomino huku vitenzi kule, mimi sizipendi hata kidogo, maana zinamfundisha mtoto kwamba neno la Kiingereza limezaliwa na aina yake na litakufa nayo, kitu ambacho si kweli. Ni kama kijana pale mwaloni Kirumba, asubuhi anabeba magunia ya dagaa ni kuli, jioni kakaa mezani anauza ni muuzaji, ukitaka kujua kazi yake unaangalia sasa hivi anafanya nini.

Sisi kwenye Kiswahili tumedekezwa na viambishi. Ukisikia "wanavua" unajua ni kitenzi, ukisikia "mvuvi" au "uvuvi" unajua ni nomino, neno linajitambulisha lenyewe hata likiwa peke yake. Kiingereza cha zamani sana nacho kilikuwa na tabia ya namna hiyo, samaki alikuwa "fisc" na kuvua ni "fiscian", ila zile sehemu za mwisho wa maneno zilipukutika karne kwa karne mpaka leo yote mawili yamebaki "fish". Sasa kinachokuambia aina ni mahali neno lilipokaa na majirani zake.

Kwa hiyo fanya naye hivi. Kwenye "The fish is big" mbele ya fish kuna "the", hiyo ni dalili kubwa ya nomino. Kwenye "They fish at night" kuna watendaji, they, halafu baada yao hakuna neno lingine linalosema wanafanya nini isipokuwa fish. Mwambie aipeleke sentensi jana: "They fished at night". Imekubali, basi ni kitenzi. Ajaribu na ile ya kwanza, "The fished is big", ataona mwenyewe imegoma.

Akishaelewa hapo mpe "dry". "Dry the fish", anika samaki, kitenzi. "The fish is very dry", hapo ni kivumishi, maana imekubali kuwekewa "very" mbele. Hicho kipimo cha very kinasaidia sana japo si vivumishi vyote vinakikubali, mfano "main" haikubali. Na kuna mtego mmoja watoto wengi wananasa, "fish market". Wanaona fish inaelezea soko basi wanaandika kivumishi, lakini huwezi kusema "very fish market", na market yenyewe ni nomino, kwa hiyo fish hapo imebaki nomino iliyosimama mbele ya nomino mwenzake.

Mama hata kama uliishia la saba hii kazi unaiweza, kila akikuletea neno we muulize tu, liko kwenye sentensi gani? Akikosa sentensi mwambie hakuna jibu mpaka ailete. Na kwenye kamusi aangalie zile herufi ndogo pembeni ya neno, n ni nomino, v ni kitenzi, adj ni kivumishi, adv ni kielezi, atakuta maneno kibao yana zaidi ya moja.

Mwalimu mambo vipi. Kitabu kimoja kinasema aina za maneno za Kiingereza ni 8, kingine kinasema 9, tufuate kipi? – Mwanafunzi, Nyegezi

Poa mwanangu, swali zuri sana hili. Namba 8 ni ya zamani, inatoka kwa Wagiriki, anayetajwa ni Dionysius Thrax wa karne ya pili kabla ya Kristo. Wagiriki walikuwa na neno la kazi kama "the" wakalihesabu, Warumi Kilatini chao hakina, wakalitoa wakaweka vihisishi, hesabu ikabaki 8. Waingereza walivyokuja kuandika sarufi yao wakaimimina kwenye kalibu ya Kilatini, ila wao "a" na "the" wanazo, wafanyeje? Lindley Murray kwenye sarufi yake ya mwaka 1795 akazipa kundi lao, zikawa 9. Wengine wakaziingiza kwenye vivumishi zikabaki 8. Siku hizi wataalamu wengi wanaweka "the", "my", "this" na "every" kundi moja la vibainishi, na mimi naona ndiyo sahihi zaidi maana zote zinagombea kiti kimoja, huwezi kusema "the my boat". Kwenye mtihani fuata kitabu anachotumia mwalimu wako, lugha ni ileile.

Mwalimu, mimi nipo kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, naandika barua pepe kwa wateja wa nje. Bosi anasema natamka vibaya "export" na naandika vibaya "advice". – Kijana wa Kirumba

Export ikiwa nomino mkazo unakuwa mwanzoni, EXport, ikiwa kitenzi unahamia mwisho, exPORT. Import na record hivyohivyo. Advice yenye c ni ushauri, nomino. Ukitaka kushauri ni "advise" yenye s, na jana ni "advised". "I adviced" haipo.

Kila neno linaloishia na -ly ni kielezi? – Msomaji, Ukerewe

Hapana ndugu yangu. Angalia imeungwa na nini. Ikiungwa na kivumishi kwa kawaida unapata kielezi, slow inazaa "slowly". Ikiungwa na nomino mara nyingi unapata kivumishi, friend inazaa "friendly", cost inazaa "costly". "Daily" inafanya zote mbili, "the daily ferry" ni kivumishi, "the ferry leaves daily" ni kielezi. Na ukiandika barua ya kuomba kazi kuwa makini sana na "hard", yenyewe ni kielezi bila hiyo -ly. "I work hard" ni nafanya kazi kwa bidii, "I hardly work" umemwambia mwajiri kazi karibu hufanyi kabisa.