Kabla hamjasema aondoke, ulizeni amepewa kazi gani

Mwezi uliopita baba mmoja alinisubiri hadi mazoezi ya kikapu yakaisha. Uwanja wetu ni wa saruji, na hata jua likishazama Dar saruji ile huendelea kutoa joto, lakini mzee yule alikaa nyuma ya goli la pili bila kusogea, funguo za pikipiki mkononi. Tukasalimiana. Hakuzunguka.

"Mwalimu, mwanangu alianza mechi zote mwaka jana. Mwaka huu anakaa benchi. Kuna timu imenipigia, wanamtaka. Niambie ukweli, nimtoe?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe mechi mbili. Yafuatayo ndiyo niliyokuja kumwambia, na nayaandika kwa sababu swali lake nalisikia kila msimu. Vijiweni linaulizwa kuhusu vijana wa ligi ya mkoa, na usiku wa manane, watu wakiwa macho kuangalia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, linaulizwa kuhusu mastaa wanaolipwa mamilioni ya dola: huyu bado ana nafasi kwenye timu hii, au wakati wake umekwisha?

Mimi niliwahi kulijibu vibaya, na mchezaji aliyezungumzwa alikuwa mimi mwenyewe.

Nilicheza namba nne, mtu mrefu wa karibu na goli, misimu mitatu mfululizo katika kikosi cha kwanza cha timu moja hapa mjini. Msimu wa nne akaja kocha mpya. Kabla ya mechi ya kwanza akaniita pembeni, akasema nitakuwa naingia kutoka benchi. Hakuongeza neno, nami sikuuliza neno. Nilichosikia ni benchi tu. Nikaanza kuchelewa mazoezini. Nikiingizwa, kila mpira ulionifikia niliutupa golini, ili watu waone kwamba bado nipo. Katikati ya msimu nikahamia timu iliyoniahidi kuanza, na ahadi wakaitimiza. Lakini wale walicheza mchezo wa mbio, mpira unapanda na kushuka pembeni, na hakuna aliyewahi kunitazama chini ya goli. Nilianza kila mechi, na sikumfaa mtu.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta yule kocha msibani, tukakaa mkeka mmoja. Nikamuuliza kwa nini aliniweka benchi. Akanijibu kwa upole kabisa: alitaka niingie dakika ya sita ya kila robo, pale timu pinzani inapompumzisha senta wake, yule mrefu anayelinda goli, kwa sababu kwenye akiba zao hakukuwa na mtu wa kunizuia. Alikuwa amenipangia kazi. Hakuniambia, na mimi sikumuuliza, na kwa ukimya huo wa watu wawili nilipoteza msimu wangu bora wa mwili.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kama mchezaji aachwe au abaki, huwa natafuta kwanza kitu kimoja: amepewa kazi gani? Nataka kujua kazi yenyewe, iliyo tofauti na cheo chake, mshahara wake au namba aliyochaguliwa.

Mfano ninaoujua kuliko yote ni wa nyumbani. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na akaanza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, wakati wenzake wa Marekani huanza wakiwa watoto wa shule ya msingi. Akafika Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na urefu wa mita 2.21. Msimu wake wa mwisho pale, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira iliyokosa goli aliyoidaka) na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mechi. Kuna mechi ya Januari 2009 dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Timu ikafika nne bora ya vyuo vya Marekani. Kocha wake, Jim Calhoun, alikuwa amejenga ulinzi mzima kumzunguka: wenzake waliweza kubana sana nje kwa sababu walijua aliyewapita atamkuta Thabeet golini.

Usiku wa Juni 25, 2009, kwa saa zetu ilikuwa tayari alfajiri ya Ijumaa, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Wote wawili baadaye wakawa mastaa wakubwa. Watu wengi huishia hapo hapo: wa pili, na Curry yuko nyuma yake, basi ameshindwa. Nimelisikia hilo kwenye kahawa mara nyingi kiasi kwamba naweza kulikamilisha kabla msemaji hajamaliza.

Lakini tazama alikotua. Memphis walikuwa tayari na senta, Marc Gasol, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Kiangazi kile kile cha 2009 wakamchukua Zach Randolph kwa namba nne. Kijana wa namba 2 akawekwa nyuma ya mtu wa namba 48, na mtu huyo miaka minne baadaye alitajwa mlinzi bora wa NBA. Msimu wa kwanza Thabeet alipata wastani wa dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, ribaundi 3.6, mitupo 1.3 aliyoizuia. Ukimhukumu kwa pointi 3.1 utalia. Ukizitazama dakika 13 na hiyo mitupo, utaona kwamba kile alichokuwa anakijua bado alikuwa anakifanya. Februari 2010 wakampeleka kwa muda ligi ya maendeleo, timu ya Dakota Wizards, akawa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kupelekwa kule hadi wakati huo. Vichwa vya habari vilishika hilo na havikuliachia.

Sisemi hakuwa na upungufu. Alikuwa nao: faulo za haraka, mikono iliyokuwa bado haijazoea pasi za ligi ile, miguu iliyochelewa alipovutwa mbali na goli. Mtu aliyeanza kikapu ukubwani huhitaji dakika nyingi za kukosea, na timu iliyokuwa inatafuta ushindi haikuwa na dakika hizo. Hapo ndipo mjadala wa haki unapoanzia: mchezaji huyu anahitaji nini ili akue, na timu hii inaweza kumpa? Swali la "anafaa au hafai" haliwezi kujibiwa kabla ya hilo.

Februari 2011 akapelekwa Houston. Watu walishangilia, timu mpya, mwanzo mpya. Katika misimu miwili pale hakufikisha mechi kumi. Kumbe kuhama hakukubadilisha kitu, kwa sababu kule nako hakukuwa na kazi yenye jina lake. Baada ya kupita Portland akafika Oklahoma City Thunder msimu wa 2012/13, timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook, iliyoshinda mechi 60 msimu ule. Pale akapewa kazi ndogo na ya wazi: mpumzishe senta wa kwanza, Kendrick Perkins, linda goli, weka skrini (simama umzuie mkabaji ili mwenzako apite), pigania ribaundi. Dakika zilikuwa chini ya 12 kwa mechi. Akacheza mechi 66. Msimu uliofuata Thunder wakamchagua Steven Adams katika drafti, kijana wa nafasi ile ile, na dakika zikahamia kwake.

Mimi nikiyaweka hayo pamoja, naona kwamba msimu alioonekana mtulivu kuliko yote kule NBA ndio ule aliojua ameingia kufanya nini. Na naona pia jinsi kazi inavyoweza kuondoka bila mchezaji kukosea chochote, akishasajiliwa mwingine wa aina yake.

Upande wa pili yupo Andre Iguodala, na huyu namtumia sana nikiongea na vijana. Alikuwa ameanza kila mechi ya msimu wa kawaida aliyowahi kucheza NBA, mechi 758. Mwaka 2014 Steve Kerr akachukua ukocha wa Golden State Warriors na kumwomba aingie kutoka benchi. Akakubali. Msimu mzima hakuanza hata mechi moja. Kwenye fainali za 2015, Cleveland wakiongoza 2 kwa 1, Kerr akamwondoa senta Andrew Bogut katika kikosi cha kuanza akamweka Iguodala, kwa ajili ya kumkaba LeBron James, nyota wa Cleveland, na kuufanya mchezo uwe wa kasi. Warriors wakashinda mechi tatu mfululizo, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwa mtu aliyekaa benchi mwaka mzima. Kwa miezi ile yote angeweza kununa kama nilivyonuna mimi, na Juni angekuwa hana miguu wala akili ya kuitika alipoitwa.

Sasa, turudi kwenye saruji yetu.

Katika zile mechi mbili nilizoomba, nilimpa mdogo mmoja wa timu B daftari la shule. Kazi yake: kila huyu kijana akiingia, andika matokeo yalivyo, akitoka, andika tena. Hakuna zaidi ya hapo. Mambo haya hayahitaji kompyuta, na mzazi yeyote anaweza kuyafanya akiwa amekaa pembeni. Mechi ya kwanza tulipoteza kwa pointi nne. Kijana alicheza dakika 14, akafunga pointi tano tu. Lakini daftari lilionyesha kwamba katika dakika zake tuliwazidi wapinzani kwa pointi saba. Mechi ya pili nilimchanganya makusudi na wachezaji wengine, na dakika zake zikaenda sare.

Nikakaa na kijana mwenyewe kabla ya kukaa na baba yake. Alikuwa anafungua kamba za viatu, hanitazami. Nikamuuliza anadhani kwa nini haanzi.

"Kwa sababu mwalimu hunipendi tena."

Lilinichoma, kwa sababu ndilo neno ambalo mimi nililimeza miaka ile. Nikaomba radhi, na niliimaanisha. Nilikuwa nimemfanyia yale yale niliyofanyiwa: nilimhamisha bila kumwambia kwa nini. Nikafungua daftari, nikamwonyesha mistari. Hapa tuko chini kwa sita, unaingia. Hapa unatoka, tuko juu kwa moja. Nikamwambia nataka aingie robo ya kwanza ikikaribia kuisha, amshike mfungaji wao namba mbili, akimbie kila ribaundi, na robo ya nne abaki uwanjani hadi filimbi. Akasoma ule ukurasa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza swali nililotamani ningeliuliza mimi: "Kwa hiyo nikiingia, cha kwanza nifanye nini?"

Wachezaji mnaosoma hapa, shikeni swali hilo. "Kwa nini sianzi?" humfanya kocha ajitetee. "Nikiingia unataka nifanye nini?" humlazimisha akupe jibu unaloweza kulifanyia mazoezi. Na akishindwa kukujibu, akizunguka, akisema wewe jitume tu, hapo umepata habari kubwa kuhusu maisha yako ya baadaye katika timu ile. Muulize tena baada ya wiki tatu. Akikosa jibu na mara hiyo, anza kutafuta pengine, kwa adabu, na msimu ukiisha.

Kwa anayefikiria kuhama nina neno la ziada, maana hapa ndipo nilipoumia. Usiiulize timu mpya kama utaanza. Nenda kaangalie mechi zao mbili. Tazama mpira unapitia wapi, nani anacheza nafasi yako, na akitoka anaingia nani. Kama unaishi kwa kupokea mpira ukiwa umeligeuzia goli mgongo na wao hawapasi ndani, ahadi ya kuanza haitakusaidia. Wazazi nao wanaweza kufanya hivyo. Ni jioni mbili tu.

Na mashabiki, mnaotaka mtu fulani auzwe kesho asubuhi: mshahara na namba ya drafti ni makosa au bahati ya viongozi waliomchukua. Yeye hakujichagua wa pili. Mjadilini kwa dakika anazopata, anacheza na akina nani, na timu inakuwaje akiwa ndani. Mkishaona hayo na bado mnaona aondoke, hapo nitawasikiliza hadi kahawa ipoe.

Baba wa kijana nilimwambia hivi: asimtoe sasa. Amwache amalize ligi katika kazi hii mpya, ambayo safari hii anaijua. Ligi ikiisha tutakaa watatu, yeye, mwanawe na mimi, na ikionekana nimesajili mtu wa nafasi ile ile, au mtoto hakui, nitampigia mimi mwenyewe kocha wa ile timu nyingine. Aliniuliza maswali mengi, mengine makali, na yote yalikuwa ya haki. Mwisho akaomba kuliona lile daftari. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa akitumia taa ya simu, akaniuliza maana ya kila safu.

Jumamosi iliyofuata alifika mapema kuliko wachezaji. Alikaa pale pale nyuma ya goli la pili, na mkononi alikuwa na daftari lake, jipya, na kalamu mbili.