Kukodi RV na watoto wadogo: tulivyokwenda Badlands mara mbili

Dada, umeuliza kama kukodi RV (lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani) wiki nzima ukiwa na watoto wa miaka 2 na 5 ni kujitafutia mateso, na kama watoto wa umri huo wataona chochote cha maana huko porini. Sisi tumetoka Minneapolis hadi hifadhi ya taifa ya Badlands, jimbo la South Dakota, Marekani, mara mbili: mara ya kwanza mkubwa alikuwa na miaka 5 na mdogo 2, tukarudi mwaka uliofuata. Safari ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Ya pili watoto wanaisimulia mpaka leo.

Tulichoharibu ni mwendo. Ni karibu kilomita 850, na ramani ya simu ilituambia saa 8. Hizo ni saa za gari dogo na watu wazima. RV ya mita 7 na nusu huwezi kuikimbiza, upepo wa zile tambarare unaisukuma ubavuni, na mtoto wa miaka 2 lazima ashuke kila baada ya muda. Tuliondoka alfajiri tukafika usiku. Mdogo alitapika mara mbili, sahani ziligongana kabatini njia nzima, na baba yao alishuka mikono inatetemeka. Kesho yake hakuna aliyetaka kuona chochote.

Mara ya pili tulilala Sioux Falls, kisha Chamberlain kando ya Mto Missouri, tukaingia Badlands siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana. Saa 4 za barabarani kwa siku, basi. Halafu tukakaa palepale usiku tatu. Kama una wiki moja, chagua sehemu mbili tu. Usiongeze hifadhi ya Yellowstone kwa sababu kwenye ramani inaonekana iko jirani.

Kabla ya kulipa chochote, suala la viti, na hapa naomba unisikilize sana. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kochi linalotazama ubavuni, hata kama lina mkanda. Kinataka siti inayotazama mbele, yenye mkanda imara. Aliyetukodisha gari mara ya kwanza alituambia kwenye simu kwamba gari lina "siti 6 zenye mikanda". Tulipofika, inayotazama mbele huko nyuma ilikuwa moja. Tulikataa kuondoka nalo mpaka tukapewa jingine, asubuhi yote ikaisha hapo. Waombe picha ya kila siti na mkanda wake. Na gari likiwa linatembea, hakuna mtoto kitandani, hakuna kwenda chooni. Mnasimama.

Sasa hilo la wataona nini. Badlands ni vilima vya udongo mkavu wenye mistari ya rangi, na mvua inavimega karibu sentimita 2.5 kwa mwaka. Mtoto hajali takwimu hiyo. Anachojali ni kwamba udongo unavunjika mkononi mwake. Wangu walikaa karibu saa nzima kwenye bonde dogo lisilo na jina, hatua chache kutoka tulipoegesha, wanamwaga maji ya chupa kutazama yanavyochonga mfereji. Mkubwa akauliza kama mlima wote umetengenezwa hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, akauangalia tena.

Kuna njia fupi ya mbao yenye maonyesho ya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale), mtoto wa miaka 2 anaimaliza kwa miguu yake. Pale kituo cha wageni kuna chumba ambamo wataalamu husafisha mifupa ya kale huku watu wanatazama. Mwaka 2010 msichana wa miaka 7 aliona fuvu la mnyama wa kale mwenye meno marefu kama majambia, karibu na kituo hichohicho. Mwambie wako wa miaka 5 habari hiyo, hatainua macho kutoka chini siku nzima. Ila afundishwe: ukiona mfupa, usiuguse, mwite askari wa hifadhi. Hapohapo omba kijitabu cha Junior Ranger, yaani askari mdogo wa hifadhi. Akimaliza kazi zake anakula kiapo na kupewa beji. Wangu alilala nayo.

Kwenye barabara ya vumbi ya Sage Creek kuna wale wanyama wa jamii ya kindi wanaoitwa prairie dog, wanaishi mashimoni mamia kwa mamia. Mmoja anasimama wima, anapiga kelele, wote wanazama. Msiwalishe wala kuwakaribia, viroboto vyao vinaweza kubeba tauni. Na nyoka wenye njuga wapo, kwa hiyo viatu vya kufunika.

Kupika ni ndani, kwa gesi, kwa sababu moto wa kuni umekatazwa kule. Nilibeba chapati nimeshazipika, asubuhi ni chai ya maziwa mlangoni na kanga mabegani, bibi yao wa Tanga kwenye simu anauliza kama huko kuna simba. Kuhusu kumwaga choo cha gari usiogope: glavu, unafungua tangi la choo kwanza, kisha la maji ya sinki, ili bomba lisuuzwe. Dakika 15.

Ukiongeza Custer State Park, hifadhi nyingine ya South Dakota, baisani (nyati wa Marekani) utawaona mkiwa garini kwenye Wildlife Loop, barabara ya kuzunguka kutazama wanyama, wakati mwingine wanaziba barabara yote. Lakini barabara ya Needles Highway humohumo Custer msipite na RV: handaki moja lina upana wa mita 2.4 tu.

Hujasema mnakwenda mwezi gani. Julai na Agosti joto la Badlands ni kali na kivuli hakuna, sisi tulikwenda mwanzo wa Juni. Kama ni mwisho wa Septemba, Custer ndiyo wakati wanakusanya baisani, watu wanafurika, nafasi za kuegesha zinaisha mapema. Sema tarehe, nitakuambia tulilala wapi.