Oda ya Miche 1,000 Haijaziwi Usiku wa Kupakia

Wadogo zetu wa vitaluni,

Msimu wa kupakia umeingia tena Nyanda za Juu Kusini. Mvua zikishakolea, kila mkulima wa Njombe, Mufindi na Rungwe anataka miche yake ya parachichi shambani kabla ya Krismasi, na kenta zinapanga foleni nje ya vitalu. Na kama kila mwaka, vijana wapya wanahesabu miche kwa tochi, wanakuta oda haijatimia, kisha wanaenda tuta la pembeni kuziba pengo. Inaumiza kutazama, kwa sababu kosa la mchicha unaliona baada ya wiki tatu, ila kosa la mti wa kudumu linamsubiri mkulima mwaka wa tatu au wa nne, akiwa ameshapalilia, ameshamwagilia na ameshaweka samadi kila msimu.

Haya ni kwa ajili yenu mnaoshika kisu cha kubebeshea, yaani cha kuunganisha kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti mama wa aina bora) juu ya mche wa mbegu, na daftari la oda kwa mkono huohuo. Kujaza viriba, ile mifuko ya nailoni ya miche, mnajua, kwa hiyo tusipoteze muda huko.

1. Hesabu ianzie mwisho, irudi mwanzo

Mteja akiagiza miche 1,000 ya Hass, aina ya parachichi, ya Desemba, usipande mbegu 1,000, wala 1,300. Chukua mfano wa kitalu chenye mikono mizuri. Katika mbegu 2,000, zikiota 8 katika kila 10, una miche 1,600. Katika hiyo, 15 kwa kila 100 itabaki myembamba siku ya kubebesha, kwa hiyo yenye unene wa penseli ni 1,360. Vikonyo vikishika 80 kwa 100, umefika 1,088. Siku ya kuchambua utatoa mmoja katika kila kumi: uliopinda, wenye majani machanga, uliobabuka jua. Umebaki na 979. Mbegu 2,000 zimekwenda na oda bado ina pengo la miche 21.

Panda 2,200, na ukiwa na mkono mpya unaojifunza kubebesha, ongeza tena. Huyo kijana atajifunza, mpeni nafasi, lakini asijifunzie kwenye oda ya mtu aliyekwisha kulipa kianzio.

Muda nao uhesabiwe vivyo hivyo. Kwenye baridi yetu, kutoka mbegu hadi unene wa penseli ni miezi minne hadi sita, na kutoka kubebesha hadi kuuza ni mingine minne hadi sita. Ukibebesha Juni au Julai, vikonyo vinalala. Funika tuta kwa nailoni angavu juu ya fito zilizopindwa, na uifungue pembeni mchana jua likiwa kali. Mbegu ya parachichi haihifadhiwi ghalani kama mahindi. Ikikauka imekufa, hivyo ipandwe siku chache tu baada ya kutoka kwenye tunda, upande bapa chini, ncha juu. Kabla ya hapo izamishwe kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30 kuua vimelea vya kuoza mizizi. Tumia kipimajoto, maana kidole hakijui tofauti ya nyuzi 50 na nyuzi 55, na kwenye 55 unapika mbegu.

2. Usijazie

Hapa sisi wa zamani hatuna pa kujificha. Kujazia ni kosa letu, mmelikuta kwetu, na wengi wetu tuliwahi kuliita kumsaidia mteja. Ndiyo maana litaelezwa kwa urefu.

Tazameni linavyotokea. Ni saa kumi alfajiri, kenta imewashwa, dereva anataka kuwahi kabla jua halijachomoza, utingo yuko juu anapokea. Daftari linasema 1,000. Miche iliyopita uchambuzi ni 880. Mteja ameshachimba mashimo yote, ameshaajiri vibarua wa kesho. Hakuna anayetaka kupiga simu saa hiyo. Mtu anasema, "Chukua pale pembeni, yote si parachichi?" Mwanga wa tochi unaonyesha majani tu, na majani yote ni ya kijani.

Zile 120 hutoka sehemu tatu, na kila sehemu ina balaa lake.

Ya kwanza ni tuta la Fuerte, aina nyingine ya parachichi, lililo jirani na la Hass. Mche wa miezi mitano wa aina hizi mbili, usiku, hata mzoefu anaweza kuukosea. Fuerte si mti mbaya. Maua yake ni kundi B na ya Hass ni kundi A, yaani hufunguka kwa saa tofauti na kupeana chavua, hivyo wakulima wengi huweka michache kati ya Hass ili kusaidia uchavushaji. Lakini mkulima aliyeiweka mwenyewe anajua ipo mstari gani. Yule wa kujaziwa hajui. Mwaka wa tatu au wa nne tunda linatoka lenye ganda jororo linalobaki kijani hata likiiva, na mnunuzi wa Hass ya kusafirisha nje analiweka pembeni.

Ya pili ni miche iliyokataliwa, na hapa nataka mpige magoti mtazame kwa karibu. Kikonyo kikifa, shina la chini halifi. Linachipua chini ya kiungo, chipukizi linanyooka kwa nguvu, linafunika kile kijiti kikavu, na baada ya miezi mitatu lina majani mazuri kuliko miche yote iliyoshika. Ukisimama wima unaona tuta lililojaa. Ukiinama, ukatenganisha majani kwa vidole, unakuta kijiti cha kahawia cha urefu wa kidole, bado kina tepu, na pembeni yake tawi nene linalotokea sentimita tatu chini ya kata. Huo ni mche wa kienyeji uliokatwa kisu bure. Ukiuuza kama Hass, mkulima atasubiri ua kwa miaka mitano, pengine minane, huku mistari ya pembeni inavunwa. Kuurekebisha ni kuukata na kubebesha upya juu ya mti mkubwa, na hapo anapoteza miaka mingine miwili.

Kwa hiyo uchambuzi haufanywi kwa macho ya kusimama. Shika kila mche kwenye kiungo, uzungushe, tafuta kovu la kata pande zote mbili, kisha fuata kwa kidole tawi lenye majani uone limetokea juu au chini ya kovu. Sekunde tano kwa mche. Miche 1,000 ni kama saa moja na nusu kwa mtu mmoja, na ifanyike mchana, siku mbili kabla ya gari kufika. Uliokataliwa utolewe tutani siku hiyohiyo. Ukibaki karibu, usiku utarudi kwenye gari.

Ya tatu ni kitalu cha jirani, na ndiyo mbaya kuliko zote. Jirani anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakuuzia kuoza kwa mizizi. Kimelea chake, Phytophthora cinnamomi, kinasafiri na udongo na maji yanayotiririka. Viriba vikiwa chini kwenye ardhi tupu, mvua moja inakisambaza tuta zima. Kitaluni hutaona kitu, kwa sababu mche unamwagiliwa kila siku chini ya kivuli, na hata nusu ya mizizi ikiwa imekufa, ile iliyobaki inatosha kuupa maji. Shambani kiangazi cha kwanza kinafichua: majani yanakuwa madogo na ya manjano, ncha za matawi zinakauka kuanzia juu. Ukifukua, mizizi midogo ya kunyonya ni myeusi na inakatika kama uzi uliooza. Wakati huo kimelea kimeshaingia kwenye udongo wa mkulima, na kitakaa humo miaka mingi baada ya mti kung'olewa. Miche michache iliyougua katika ekari moja inatosha kuharibu mteremko wote ulio chini yake.

Ugonjwa huu hauheshimu mti. Hass zote duniani zimetokana na mti mmoja, ulioota kwa mbegu kwenye shamba la mtumishi wa posta Rudolph Hass huko La Habra Heights, California, akauandikisha kwa hataza mwaka 1935. Mti mama huo ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Na kwa kuwa kuna kijana mjanja atakayekumbusha kwamba ule wa Hass ulikuwa mche ambao kubebesha kulikataa ukaachwa ukue wenyewe: ni kweli, mdogo wangu, lakini mbegu ya namna hiyo haiko kwenye tuta lako la miche iliyokataliwa.

Sasa ufanyeje na pengo la 120? Piga simu siku mbili kabla, ukishamaliza kuchambua, si gari likiwa limewashwa. Mwambie mteja idadi kamili. Mvua zetu zinakwenda hadi Aprili, hivyo miche ya Januari bado ina muda wa kushika, na mashimo yaliyochimbwa mapema hayaharibiki. Udongo na samadi vinaendelea kuchanganyika. Kwenye hati ya mzigo andika wazi: oda 1,000, zilizopakiwa 880, zilizobaki 120 zitafika kabla ya tarehe fulani au fedha zirudishwe. Wote wawili msaini. Na sharti la kwamba idadi inaweza kupungua liwe limeandikwa tangu siku ya kupokea kianzio, ili lisionekane ni kisingizio cha asubuhi hiyo.

Wengi watakasirika kidogo. Wengi pia watarudi msimu ujao.

3. Madogo, ila yanaua

Siku moja aina moja: ukibebesha Hass, kikonyo cha Fuerte kisiwepo hata mezani.

Vikonyo vikatwe asubuhi, majani yaondolewe vibaki vishina vifupi vya majani tu, vifungwe kwenye gazeti lenye unyevu, na kila mti mama uwe na mfuko wake.

Kisu na mikono vipanguswe kwa spiriti kila mnapohama tuta.

Kalamu ya wino inafutika kwa jua ndani ya miezi michache. Penseli juu ya lebo ya plastiki inadumu zaidi, na bati la kopo la soda lililochorwa kwa msumari linadumu kuliko vyote.

Tepu ikatwe kikonyo kikishachipua na kukomaa seti ya kwanza ya majani, la sivyo inanyonga shina na upepo unaukatia hapohapo.

Viriba vikae juu ya kokoto au vichanja.

Mkaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, akija, mpelekeni kwenye miti mama kwanza, kabla hajaomba.

4. Gari linabeba uzito, halibebi idadi

Kiriba cha inchi 6 kwa 9 kikijazwa kina karibu lita moja na nusu ya udongo. Kikiwa na unyevu kina uzito wa kilo 2 au zaidi kidogo. Miche 1,500 ni tani 3 na ushee, na hapo kenta imefika mwisho wake. Halafu kuna nafasi: kiriba kimoja kinachukua upana wa sentimita 10, hivyo mita moja ya mraba inabeba kama 100 kwa kubanana, na bodi ya mita 8 za mraba inapanga 800 tu kwa safu moja. Hizo 700 nyingine zinahitaji kichanja cha mbao juu yake, chenye urefu unaouzidi mche mrefu kuliko yote. Kupandanisha kiriba juu ya kiriba ni kuvunja viungo. Kiungo cha miezi mitano bado ni laini kwa ndani.

Mwagilia jioni ya kuamkia safari. Ukimwagilia alfajiri, udongo unakuwa tope na kila mtikisiko unaung'oa kwenye mizizi. Usipomwagilia kabisa, unapukutika. Turubai lifunike juu na mbele kuzuia upepo wa barabarani, nyuma pabaki wazi.

Na jambo ambalo vijana hulisahau kila mwaka: mzizi mkuu hutoboa kiriba na kuingia ardhini. Ukiung'oa siku ya kupakia, umekata nusu ya njia ya maji, na mche unafika Makambako umelegea. Visogezeni viriba kila baada ya wiki mbili au tatu, na mara ya mwisho iwe angalau siku 14 kabla ya kupakia, ili mche upone ukiwa bado kitaluni. Katika siku hizo hizo ndipo neti ya kivuli inapoondolewa taratibu, asubuhi kwanza, kisha kutwa nzima.

Ukifika shambani, hesabuni pamoja na mwenye shamba, mche kwa mche. Mwonyeshe kiungo kwa kidole na umwambie kisizikwe. Kibaki juu ya ardhi angalau kiganja kimoja. Mwambie pia avue kiriba. Wapo wanaopanda nacho.

5. Miche mitano ya kila kundi

Kila kundi linaloondoka, toa miche mitano bila kuchagua, uipande ukingoni mwa kitalu. Kwenye kila mmoja funga bati lenye namba ya kundi, tarehe ya kubebesha, mti mama na jina la aliyeshika kisu. Namba hiyohiyo iwe kwenye hati ya mteja. Mwaka wa tatu au wa nne, simu ikipigwa kutoka Ludewa kwamba matunda si yale yaliyoagizwa, mtatembea hatua hamsini hadi kwenye mti wenu wenyewe, mtachuma tunda, na mtajua la kumjibu.