Mbona wimbi la Ziwa Victoria halikimbii kilomita 71 kwa saa?

SWALI: Shikamoo injinia. Tumefundishwa spidi ya wimbi la maji mafupi ni √(gh), g ni mvuto wa dunia na h ni kina cha maji. Nimeweka kina cha wastani cha Ziwa Victoria, mita 40, nikapata karibu mita 20 kwa sekunde, yaani kama kilomita 71 kwa saa. Ila nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga naona mawimbi yanajikokota tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kikokotoo hakijakosea, kilichokuponza ni jina. Hayo maji yanaitwa mafupi ukiyalinganisha na urefu wa wimbi lenyewe, yaani kilele mpaka kilele, sio na urefu wako wewe, kina kikiwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya wimbi ndo unaruhusiwa kutumia √(gh), kikizidi nusu ya wimbi hayo ni maji marefu na kina hakina kazi tena.

Sasa siku ukipanda kivuko, kabla hakijaondoka, hesabu sekunde kati ya kilele na kilele. Tuseme umepata 4. Kwenye maji marefu unazidisha sekunde kwa 1.56, inakuja kama mita 6.2 kwa sekunde, zidisha tena kwa sekunde 4, wimbi lina urefu wa mita 25 hivi. Kwa wimbi la mita 25 maji ya mita 40 ni shimo, halijui hata kama kuna chini!

Wimbi hilohilo lifuate mpaka mwaloni Kirumba, pale maji yanapokufika mapajani, nusu mita hivi, hapo sasa ndo √(gh) inakubali, unapata mita 2.2 tu kwa sekunde. La mbele limepunguza mwendo la nyuma bado linakuja, basi yanabanana, yanainuka, yanavunjika na kumwagia mitumbwi maji.

Na ile 20 yako usiifute. Upepo ukisukuma maji ya ziwa zima upande mmoja halafu ukatulia, maji yanarudi yanayumba kama kwenye beseni, mwanasayansi Forel wa Uswisi ndo alieneza jina la myumbo huo, seishi, kutoka Ziwa Geneva. Wimbi hilo lina urefu wa mara mbili ya ziwa. Fomula ya Merian ya 1828 inasema muda ni 2L/√(gh), L ni urefu wa ziwa, weka kilomita 337 kaskazini mpaka kusini, unapata kama masaa 9 na nusu kwenda na kurudi (makadirio tu, ziwa letu halina umbo la beseni). Kwa wimbi la hivyo Victoria nzima ni maji mafupi, na linakwenda na hiyo 20 yako, ila wewe kwenye kivuko hulioni, maji yanapanda taratibu mno.